Neno Lililofika Kabla ya Mama Nambeye

Hapana, Bwana Shomari, kustaafu hakusubiri mvi. Unasema mtu wa miaka ishirini na saba hastaafu, anaacha kazi tu kama watu wengine, na kumbukumbu za kazini ni za wazee wenye miwani na presha. Mimi nasema kilichostaafu ni sauti yangu, na sauti yangu imefanya kazi kukuzidi wewe. Wewe ulikuwa unashika usukani tu. Na kwa kuwa daktari amenikataza kuongea, hata kunong'ona, safari hii huwezi kunikatiza kama ulivyozoea. Utasoma mpaka mwisho.

Kwa wengine mtakaosoma, hasa wewe Zawadi mdogo wangu uliyekaa kwenye kiti changu: Bwana Shomari ni huyo huyo mnayemjua, dereva na mwenye gari, mtu wa Kigoma aliyekuja Tunduma kuuza dagaa akabaki kuuza kelele. Mimi ni Enesia, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mlowo, na tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa sauti ya gari lake la matangazo. Mkisikia mtaani "Habari njema, habari njema wakazi wa Tunduma," ile ndefu inayoishia juu kama swali, niliianzisha mimi. Wengine wameiga. Mshahara siusemi, haukuwa wa kusemwa.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa vizuri nikidhani nitapewa maiki. Nilipewa kitambaa. Nikapanda juu ya kile kirikuu, kigari chetu kidogo cha mizigo, nikafuta vumbi kwenye honi zote, halafu nikashuka nikauliza sasa naongea saa ngapi. Bwana Shomari akasema kuongea kila mtu anaweza, yeye anataka kwanza nijue pa kunyamaza. Yaani siku nzima tulizunguka mji mzima ananionyesha sehemu za kunyamaza. Msikitini wakati wa adhana. Shuleni wakati wa mitihani. Hospitali. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka, upande ule ambao madereva wanalala mchana, maana dereva aliyeamshwa na tangazo la magodoro anaweza kukurushia kiatu. Na msiba. Msiba kuliko vyote. Ukiona turubai na akina mama wamekaa kwenye mikeka, unazima kabla hujafika, unapita polepole kama unasukumwa na upepo, unawasha ukishapotea kabisa.

Mimi sina subira, nyumbani wote wanajua. Nilimwambia kwa mtindo huo nusu ya Majengo haitasikia kitu. Akanijibu kwamba aliyefiwa hahitaji kujua bei ya magodoro. Nikaona ni mzee mwenye maneno mengi. Kumbe maneno mengi nilikuwa nayo mimi.

Vifaa nilivizoea haraka. Amplifaya inapata moto, ukiipepea na kipande cha boksi inakubali. Betri ya gari haipendi mtu anayeongea huku gari limezimwa. Maiki unaishika pembeni ya mdomo, usiimeze kama ndizi. Na kile chumba chetu cha kurekodia pale nyuma ya duka la spea, chenye trei za mayai ukutani na godoro mlangoni, unaingia ukiwa umeshakunywa maji, maana ukianza kukohoa mle ndani hewa haitoshi watu wawili. Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi: mteja analipa, anasema anachotaka, ninarekodi, nakala moja anaondoka nayo yeye, nyingine tunaichomeka kwenye gari inajirudia siku nzima. Maiki ya moja kwa moja ni ya dharura, au ukiona Wazambia wamejaa unawatupia salamu yao ya "mulishani" wacheke, halafu unaendelea na Kiswahili.

Sasa nifike kwenye lile neno, maana Zawadi ameniuliza mara nyingi amwiteje mwanamke anayetabiri, na kila nikitaka kumjibu nakumbuka nimekatazwa kuongea.

Mimi neno lenyewe nimelikuta kwenye Biblia ya bibi yangu: Miriamu nabii mke, Debora nabii mke, Hulda nabii mke, na Ana yule mjane wa hekaluni. Somo la Biblia nilifaulu vizuri shuleni na sijaacha kuwakumbusha watu. Kwa hiyo kanisa la kwanza lilipotuletea mgeni mwanamke, sikuuliza mtu. Nikatangaza nabii mke. Pale sokoni muuza mkaa mmoja akasimama njiani akauliza, mke wa nani? Nikaanza kumfafanulia kwa maiki, nikaanzia kwa Miriamu, mtaa mzima ukasimama kunisikiliza, na nilikuwa bado sijafika kwa Debora Bwana Shomari akanizimia. Akasema tumelipwa kutangaza mkutano, hatujalipwa kuendesha shule.

Mara ya pili nikasema Mama Nabii, nikiona hapo nimeweka heshima. Mgeni akanuna. Nikaambiwa Mama Nabii ni mke wa nabii, kama vile mama mchungaji ni mke wa mchungaji, anapikia wageni na kupokea salamu, ila maono ni ya mume. Huyu wetu mume wake alikuwa fundi seremala na maono yalikuwa ya kwake mwenyewe. Baadaye wakaja wadada wa mjini, wenye mabango makubwa, hao wanataka waitwe profetesi, kwa Kizungu, na Wazambia wa Nakonde nao wanalipenda hilo. Ukimwita mmoja wao nabii mke anakuona umetoka shamba jana. Wengine wanataka nabii peke yake, wanasema mbona mwanaume haitwi nabii mume.

Na kule vijijini Momba, mtu ambaye mjini angewekewa bango, wao wanamwita mama anayeota. Basi. Wanakwambia nenda kwa mama anayeota, nyumba ya pili baada ya mashine ya kukoboa.

Bwana Shomari neno lenyewe halitamki. Kwenye dini yake mlango huo ulishafungwa zamani, na hakuna wa kuufungua, awe mwanaume au mwanamke. Lakini sijawahi kumsikia akibishana na mteja. Anasema yeye anakodisha honi, hakodishi imani. Akitaka kuniuliza habari za mgeni wa kanisa anasema, "Yule mama wa Jumapili tunamzungusha mitaa gani?" Nimefanya naye kazi miaka yote hiyo, kwake wote ni mama wa Jumapili, hata waliokuja Jumatano.

Sasa Mama Nambeye.

Ilikuwa kiangazi, vumbi la Tunduma mnalijua. Alikuja mchungaji mmoja kijana, kanisa lake lilikuwa bado la turubai na viti vya kukodi, mtu mchangamfu, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi lile. Akasema ana mgeni mkubwa anatoka Msangano, kule Momba. Huyo mama, alisema, aliota maji yamejaa kwenye majaruba ya mpunga, akawaambia majirani wavune haraka. Waliomsikia walivuna. Waliocheka mto uliwavunia. Akataka atangazwe kwa uzito: Nabii Mke wa Mungu, aliyeona mafuriko. Nikaingia nyuma ya godoro nikarekodi. Na niseme ukweli, ile rekodi ilitoka vizuri. Sauti yangu ilikuwa bado ina nyama. Mchungaji akaondoka na nakala yake anatabasamu.

Asubuhi tukaanzia Sogea, tukapanda mtaa wa Mwaka, tukazunguka tukatokea Chapwa. Rekodi inalia: usikose, usikose, Nabii Mke wa Mungu kutoka Msangano. Mara Bwana Shomari akaona turubai la msiba mbele, akazima. Tukawa tunapita taratibu. Akanyanyuka mama mmoja kutoka kwenye mkeka, mtu wa makamo, mwembamba, kitenge cha msibani kiunoni, akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Hiyo sauti ni yako?"

Nikasema ni yangu, nikajiweka sawa kusifiwa. Watu walikuwa wanafanya hivyo.

"Na huyo unayemtangaza unamjua?"

Nikamwambia ni mama mmoja wa Msangano, nabii mke, ana maono makubwa, asikose kuja.

"Ndiye mimi," alisema. "Na bado sijafika."

Bwana Shomari aliangalia mbele kama mtu anayetafuta barabara. Kwa kuwa sio adabu kuongelea mambo mengine mbele ya wafiwa, tulimbeba kwenye gari mpaka mbele kidogo, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la mahindi, tukaegesha. Akatueleza bila haraka, kwa lafudhi yake ya Kinamwanga. Alikuwa amekuja mjini kumzika binamu yake. Mchungaji alimwomba, kwa kuwa yuko mjini, apite aombe pamoja na akina mama, naye akakubali. Habari ya unabii hawakuongea. Sasa amekaa msibani, anasikia anatangazwa kwa mbali, na akina mama wote kwenye mkeka wanamgeukia yeye. Mmoja alishaanza kumuuliza habari za marehemu.

Halafu akasema lililokuwa linamuuma. Kanisa lake kule nyumbani ni la zamani, la wazee wa kanisa na utaratibu. Ndoto zake wanazijua na wanamvumilia, maana hajawahi kujipa cheo. Siku akijiita nabii atawekwa chini ya marudi: hasogei mezani kwa Bwana, haongozi kitu, anakaa benchi la nyuma mpaka wazee waridhike. Na ana binti, Eda, ambaye watu wa Mbozi wameshakuja kuulizia. Kwa utaratibu wao mzazi aliye kwenye marudi haendi mbele kumkabidhi mtoto wake siku ya ndoa. Anakaa nyuma, anaangalia mtu mwingine akimshika mkono. Baba yake Eda alishafariki. Alikuwa amebaki yeye tu wa kwenda mbele.

Ungekuwa wewe Zawadi ungesema pole. Mimi nilifungua somo la Biblia. Nikamwambia neno liko kwenye maandiko, Debora aliitwa hivyo, Hulda mpaka mfalme alituma watu kwake, hakuna mzee wa kanisa wa kulifuta, tena yeye ndiye asimame alitetee kwa ajili ya wanawake wote. Nilikuwa na hoja. Mpaka leo naona nilikuwa na hoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Neno silikatai, mwanangu," alisema. "Nakataa linitangulie. Likifika kabla yangu, nitakuta limeshakaa kwenye kiti changu, na mimi nitabaki nimesimama."

Nikataka kumjibu. Bwana Shomari akasema, "Binti, toa hiyo flashi."

Nikamkumbusha aliyelipa ni mchungaji. Akasema anajua, lakini hawezi kumtangaza mtu aliyekaa ndani ya gari lake kwa jina analolikataa, hata kama angekuwa ni mbuzi wa mnada. Mama Nambeye akacheka kidogo, mara ya kwanza.

Kurekodi upya hakukuwezekana, umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Kwa hiyo nikachukua maiki. Kuanzia pale mpaka jua linazama, na kesho yake tena, nilitangaza kwa mdomo, kila kona, kila mtaa, vumbi likiingia: Mama Nambeye wa Msangano, mkulima wa mpunga, atakuwepo kuomba pamoja nasi. Jina lenyewe lilinisaidia. Kwa Wanamwanga mwanaume wa ukoo ule ni Simbeye na mwanamke ni Nambeye, basi, hakuna muuza mkaa wa kukuuliza mke wa nani.

Mchungaji alitukuta barabarani, kiatu kimeshaingia vumbi. Akasema, "Mimi sikulipia mkulima." Bwana Shomari akamwomba asubiri aone. Na watu walijaa mpaka viti vya kukodi vikaisha. Tunduma wameshatangaziwa manabii wa kila aina, mkulima wa mpunga walikuwa hawajawahi kutangaziwa. Walikuja kuangalia amefanya nini.

Hakufanya makubwa. Alisalimia, akasema aliota mafuriko, na pia asubuhi ile aliona siafu wanahamia juu, kwa hiyo asiye na ndoto aangalie siafu. Akaomba. Mama mmoja akasimama akilia, mume wake dereva alipeleka mzigo Kongo na kimya kimetanda, akataka kuambiwa yuko hai au ameoa huko. Mama Nambeye akamuuliza kama amempigia simu. Akasema hapana, anaogopa atakachosikia. Basi Mama Nambeye akakaa naye chini, akamshika mkono, akampigisha simu pale pale mbele yetu. Mume akapokea. Aliharibikiwa gari, aliona aibu kusema. Watu wakapiga makofi kama vile wameona bahari inagawanyika. Mchungaji akapiga zaidi.

Wakati tunafungasha waya Mama Nambeye akanifuata. Mimi nilikuwa nakohoa, kama kawaida, nimekohoa miaka. Akaniwekea vidole viwili hapa kooni, akasema, "Nenda hospitali wiki hii hii. Usingoje."

Nikaenda. Daktari akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akasema kazi hii niiache, na kama ningeendelea hivyo mpaka masika labda ningebaki bila sauti kabisa. Niliporudi kumwambia Bwana Shomari alikasirika kweli, sio kwa vinundu. Alisema yeye ameniambia niende hospitali tangu mvua za mwaka juzi, ameniambia asubuhi, ameniambia mchana, ameninunulia na tangawizi, sikusikia. Sasa anakuja mama wa Jumapili anasema mara moja, nakimbia.

"Kwa hiyo na mimi ni nabii," alisema. Hiyo ndiyo mara pekee nimemsikia akilitamka, na aliangalia pembeni kwanza kama kuna mtu.

Nimelifikiria sana hilo, muda wa kufikiri ninao. Kila mtu mwenye masikio alijua koo langu limekwisha. Tofauti ni kwamba Mama Nambeye nilimtii. Labda ndiyo maana ya neno lenyewe, sio mtu anayejua ambalo hatulijui, ni mtu anayesema tunalolijua sote, na safari hii tukanyanyuka. Nilirudi kwenye Biblia ya bibi pia. Debora alikaa, watu ndio walimpandia. Hulda walimfuata nyumbani kwake. Hakuna hata mmoja aliyetanguliwa na gari. Hili kwenye mtihani hawakuuliza.

Kwa hiyo Zawadi, jibu langu la kazi ni hili. Ukiletewa mwanamke wa kumwita nabii, mtafute yeye mwenyewe, muulize anaitwaje nyumbani kwao, halafu ndiyo uingie nyuma ya godoro. Sio kurekodi kwanza na kuuliza baadaye kama tulivyozoea. Mteja akikwambia unamchelewesha, mwambie na wewe una koo moja.

Hapo nilitaka niishie, kumbukumbu zangu ziwe fupi na tamu. Lakini leo mchana amenipigia Eda, binti wa Mama Nambeye, ambaye hunijulia hali tangu nikatazwe kuongea. Mimi napokea na kugonga simu kwa kucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, ameshazoea. Harusi yake ni Jumamosi. Yule mchungaji anaandaa mkutano mwingine, mgeni mwingine, na ili kuonyesha ukubwa wa mikutano yake ameitoa ile nakala yake ya zamani akairusha kwenye magrupu ya simu. Imetembea mpaka Msangano. Wazee wa kanisa wameisikia: Nabii Mke wa Mungu, kwa sauti yangu, nzuri, yenye nyama, kila mtu Momba anaijua. Kesho wanakaa kikao. Wamemuuliza Mama Nambeye kama alijitangaza nabii mjini, na yeye amesema yaliyosemwa hakuyasema, basi, akarudi kupepeta mpunga. Eda analia, anasema mama hataki kujitetea, anaona kujitetea ni kujitangaza mara ya pili. Mchungaji hapokei simu.

Eda akauliza, "Dada Enesia, wewe si ulikuwepo?"

Nikagonga mara moja.

Bwana Shomari amekuja jioni hii na dagaa zake, tumebishana, yeye kwa mdomo, mimi kwa karatasi. Anasema daktari ameniambia nisitoe sauti mpaka nirudi kwake, na nikiichezea sasa hivi hata hiki kidogo kilichobaki kitaondoka. Anasema aende yeye. Nimemwandikia kwamba wazee wale wameshikilia sauti, sio usukani, na sauti inajibiwa na sauti. Akasema basi twende na kirikuu. Nikamwandikia: kufika kwenye kikao kile na honi juu ya gari ni kummalizia kabisa mama wa watu. Amesoma, halafu amecheka mpaka dagaa zikamwagika. Akaenda kunichemshia tangawizi.

Nimeamua. Kesho asubuhi napanda gari la kwanza la Msangano. Nitakuwa na sentensi moja: hiyo sauti ni yangu, na mama alipoisikia alinizimisha siku ile ile. Itatoka ya kukwaruza, wataisikia na ile ya kwenye simu, watachagua wanaamini ipi. Wakiniuliza kama alijiita nabii, nitatikisa kichwa. Wakiniuliza mimi namwitaje, nitasema Mama, maana nikimkuta namwamkia shikamoo kama siku zote. Lile neno jingine ninalo, nitamwambia Bwana Shomari nikisharudi Tunduma, harusi ikipita.

Na njia nzima sitaongea. Abiria wakinisalimia nitainamisha kichwa, wanione nina maringo. Bodaboda pale stendi wakinizodoa, wakisema yule dada wa habari njema leo amekuwaje, nitapita. Konda akiniuliza nashukia wapi, nitamwonyesha kwa kidole.